Matofali Mawili Chini ya Skrini

Kumbukumbu yangu ni ndefu, na sioni haya kusema hivyo. Namkumbuka meneja aliyetufungia choo mwezi mzima, na tarehe naikumbuka. Namkumbuka aliyezima feni mwezi wa Mei, kilele cha joto hapa Coimbatore, kusini mwa India, tukichapa huku jasho linadondokea kibodi. Makosa yao nimeyatangaza kwenye mageti ya viwanda na vibanda vya kahawa mpaka sauti ikakauka. Hili la leo nililiruka kila mara, kwa sababu hili ni langu.

Tulikuwa watu thelathini na wawili, ghorofa ya tatu, juu ya duka la pampu za maji. Kazi yetu ilikuwa kuchapa kwenye kompyuta rekodi za wagonjwa wa hospitali za nchi za mbali. Skrini zilikaa juu ya meza tupu, chini mno, nasi tumeziinamia kama watu wanaochambua mchele. Ikifika saa kumi jioni kila mtu ameshika shingo.

Shule niliacha darasa la nane. Ninayoyajua niliyasoma mwenyewe katika maktaba ya manispaa, na mtu aliyejisomesha ana ugonjwa wake: akipata jambo moja la kweli, hulishika kama vile ndilo lote. Nilisoma kwamba ukingo wa juu wa skrini ulingane na macho, na skrini ikae umbali wa mkono ulionyooshwa. Nikamwendea meneja, Bwana Varadarajan, kuomba vibao vya kuinulia.

"Vibao?" akasema. "Na mito je? Niwaletee na mtu wa kuwakanda miguu?"

Jirani palikuwa panajengwa. Tukaokota matofali. Nikajaribu kwenye meza yangu, mawili yakanitosha sawasawa. Basi nikatangaza mawili kwa kila mtu, tuwe sawa wote. Varadarajan akatoa amri yaondolewe kabla ya Jumatatu.

Hapo ndipo nilipojiona mjanja. Ijumaa ile ilikuwa sikukuu ya kubariki vyombo vya kazi, siku ambayo hata fundi baiskeli huosha bisibisi zake, akazipaka liwa ya msandali na unga mwekundu, akaziacha zipumzike mpaka kesho yake. Mimi hekaluni sijaingia tangu nina miaka kumi na tisa, na wanaoingia huwa nawacheka. Lakini nikawaambia akina dada, "Msipake kompyuta peke yake. Pakeni na matofali."

Nagajothi, binti mwenye ulimi kuliko wote, akaangua kicheko. "Jamani, njooni muone! Kaka Sengodan ameongoka!"

"Paka wewe. Maneno baadaye."

Kuhani akazungusha moto wa kafuri mbele ya kila meza. Varadarajan, mcha Mungu kwelikweli, akavua viatu na kuunganisha viganja mbele ya tofali la kuokota. Jumatatu ikafika. Nani ang'oe kitu kilichobarikiwa? Hakuthubutu. Tulicheka wiki nzima, na wakaanza kuniita simba.

Sikufikiri kwamba kitu ambacho meneja hathubutu kukiondoa, mfanyakazi naye hatathubutu.

Dada Pechiammal ndiye aliyekuwa mkubwa wetu, miaka hamsini na mbili, mjane, na mshahara wake ulilisha nyumba ya watu watano. Mikono yake ilikwenda kama mvua juu ya bati. Alivaa miwani ya aina mbili katika fremu moja: sehemu ya juu ya kuonea mbali, ya chini ya kusomea. Asubuhi moja nilimkuta ameshusha skrini yake. Matofali ameyaweka pembeni, juu ya kitambaa safi, kwa heshima.

Ningeweza kumuuliza kwa nini. Nilipanda juu ya kiti.

"Tazameni! Dada Pechi ameshusha bendera! Miwani hiyo umenunuliwa na Varadarajan, eti?"

Watu wakacheka. Nagajothi akadakia, "Labda anaogopa bosi hatamwona akijificha nyuma ya skrini!"

"Mdogo wangu," Pechiammal akasema polepole, "ni macho yangu tu, mimi—"

"Macho ya nani? Ya kwako au ya bosi? Wenzako thelathini na mmoja wanasimama, wewe unainama!"

Uso ukamshuka. Akainama, akayagusa matofali kwa ncha za vidole, akapeleka vidole machoni, kama tunavyoomba radhi huku mtu akikanyaga kitabu kwa bahati mbaya. Kisha akayarudisha mwenyewe. Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga.

Miezi minne ikapita. Nilimwona amekaa kidevu juu siku nzima, nikadhani ni maringo ya ukubwa. Nilimwona akikunja na kukunjua vidole vya mkono wa kulia. Mwezi wa nne akaanza kukosea, yeye ambaye hakukosea: kipimo cha dawa kiliongezwa sifuri, jina la mgonjwa mmoja likaingia kwa mwingine. Varadarajan akamwita ofisini, na kwa kuwa nilikuwa mwakilishi wa wafanyakazi, tukaenda pamoja.

Ukumbini Pechiammal akanishika mkono.

"Nikwambie kitu, usikasirike. Daktari anasema ni shingo. Skrini ikiwa juu, siwezi kusoma ila nikiinua kidevu nipate kuona kwa kioo cha chini. Saa nane kila siku. Mshipa umebanwa, vidole vinakufa ganzi."

Nilichokisoma kilikuwa kweli, kwa mtu mwenye macho yangu na urefu wangu.

"Kwa nini hukusema, dada?"

Swali lenyewe lilikuwa tusi, nami nilijua kabla halijamaliza kunitoka.

"Humo ndani usiseme," akaniambia. "Wakisikia matofali yameumiza mtu, watayaondoa ya wote."

Akasema hivyo kwa ajili yetu. Mimi nikalipokea neno lake kama mtu anayezama aliyetupiwa kamba.

Varadarajan alikuwa na karatasi za makosa mbele yake. Hakuwa mkali siku hiyo, na ingekuwa nafuu kama angekuwa mkali. "Mama, miaka kumi na minne hukunipa shida. Nini kimetokea? Nimeambiwa uliishusha skrini yako, ukairudisha juu. Nani alikukataza?"

Alingoja. Nami nilikuwa na jibu, neno moja, jina langu. Mimi niliyewahi kumpigia kelele kamishna wa kazi mbele ya askari, nilitazama ndala zangu.

"Hakuna aliyenikataza, bwana," Pechiammal akasema. "Ni uzee."

"Basi kama ni uzee," akasema Varadarajan, na akatia saini karatasi ya kumwachisha kazi.

Dada Pechi alikusanya vitu vyake kwa dakika kumi: mkebe wa chakula, mto wa kiti, chupa ya mafuta ya kuchua. Hakuna aliyepanda kiti siku hiyo.

Nilipogeuka, wote walikuwa wananitazama. Nagajothi akauliza, "Kaka, umempa vidonge vyake yule bosi?"

Nikasema. Nilichelewa, lakini nilisema: daktari alisema nini, meneja aliuliza nini, na mimi nilinyamaza vipi. Sikupaka rangi. Nagajothi akaweka mkono mdomoni. "Na mimi nilicheka," akasema. Baadaye nikapita meza kwa meza nikiuliza kila mtu anaona vipi. Watu sita walikuwa wanaumia. Mmoja wao Nagajothi mwenyewe: ni mfupi, miguu haifiki chini, na miezi yote hiyo alikuwa amekalia shali iliyoviringishwa ili aifikie skrini. Sita! Walikuwa wakiogopa simba.

Varadarajan alitoka akakuta tunashusha matofali. Habari zilimfikia jioni ile ile. Nikamwomba amrudishe. Akasema karatasi imeshapelekwa, na kwamba ningesema saa tano, mle ofisini, asingetia saini. Huenda aliongopa. Sina njia ya kujua, na hilo ndilo linalonitesa mpaka leo.

Jumapili nilikwenda kwa Pechiammal, mtaa wa nyuma ya kiwanda cha nyuzi. Alifungua mlango nusu. Shingo ilikuwa imefungwa utepe mpana wa hospitali. Nilianza hotuba yangu ya toba, nimeiandaa njia nzima. Akainua kiganja, akanikatiza.

"Kiti changu wamempa nani?"

"Binti mmoja. Miaka ishirini."

"Anavaa miwani?"

"Havai."

Akatikisa kichwa kidogo, kadiri utepe ulivyomruhusu. "Mwulize hata hivyo," akasema, akafunga mlango.