Kanga ya Mama Kezia

Mniko alirudi kutoka hospitali ya misheni akiwa na kilo arobaini na nne, koti likimpwaya kama la kuazima. Utumbo wake ulikuwa umejisokota, na madaktari wakakata kipande kirefu kilichokwisha kuharibika. Kabla ya kuwaruhusu, muuguzi Laurensia, mtu wa Songea, alimkalisha Gati, mke wa mgonjwa, akamweleza.

"Utumbo uliobaki ni mfupi. Chakula kinapita mbio kabla mwili haujachukua chake. Usimpe ugali mkubwa mara mbili. Mpe kidogo kidogo, mara sita kwa siku. Uji wa ulezi na karanga zilizosagwa laini, ndizi ya kuponda, yai, samaki asiye na miba. Atafune sana. Na maji asichanganye na chakula, anywe baadaye, polepole."

"Mara sita, dada? Kama mtoto?"

"Mtoto si anakua? Basi na yeye akue. Mwezi ujao nataka kilo arobaini na nane. Asipozifikisha, tunampeleka Mwanza, na huko sijui atalazwa miezi mingapi."

Gati alikuwa na watoto watatu na zamu kwenye shamba la kijiji. Alirudi nyumbani akiwaza Mwanza, akaanza kutwanga karanga siku hiyohiyo.

Zahanati ilikuwa na mizani ya watoto wachanga tu. Kwa hiyo kila Jumamosi Mniko alikwenda kwenye ghala la ushirika, akaning'inia kwenye mizani ya pamba huku Jumaa, karani, akisoma.

"Arobaini na nne," alisema Jumaa wiki ya kwanza. "Pamba daraja la pili."

Wiki ya pili hakutania. "Arobaini na tatu. Bwana Mniko, chakula unakula au unakiangalia?"

Gati hakuelewa. Alipika, akaacha sahani zimefunikwa, na kila aliporudi alizikuta tupu. Siku moja aliwahi kutoka shambani, akamkuta mumewe nyuma ya nyumba, ameinama, anammiminia mbwa uji wa ulezi.

"Baba Werema, mbwa naye amepasuliwa?"

Mniko alitupa jicho ng'ambo ya njia, akaliondoa upesi. Gati akatazama huko. Mama yake mzazi, Mama Kezia, alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni pake, anachambua maharage, uso umeelekea kwao.

Zamani Mama Kezia aliishi nyuma ya mlima, mwendo wa nusu siku. Watu walipohamishiwa kijijini, bwana mmoja wa kutoka mkoa mwingine alipima viwanja kwa kamba. Akamweka mama mkwe mlango kwa mlango na mkwewe, akaenda zake akiusifu mstari wake ulivyonyooka. Na Mkurya hali chakula mbele ya mama mkwe.

"Si ungekula ndani?"

"Mlango wazi, ananiona. Nikiufunga mchana, anajua nakula. Mara sita, Gati. Ataniheshimu vipi?"

Gati alivuka njia. "Shikamoo, mama. Unashinda hapa kila siku?"

"Marahaba. Namwangalia mgonjwa. Nikimwona ametoka nje, nasema leo ana nguvu."

"Ndiyo maana hali, mama."

Mama Kezia aliacha maharage. "Tangu arudi?"

"Tangu arudi. Na mbwa wetu amenenepa."

"Nimemwona huyo mbwa," alisema mama yake. "Nikajua mna shibe."

Akaingia ndani, akatoka na kanga yake nyekundu, akaitundika kwenye kamba mbele ya nyumba.

"Ikiwa hapa, mimi sipo. Niko jikoni nyuma, na mgongo wangu uko huku. Mwambie ale bila haraka, sitoki mpaka amalize."

"Ni mara sita, mama."

"Nilizaa tisa. Sita zitanishinda?"

Kuanzia hapo, kila kengele ya shule ilipolia saa ya mlo wake, kanga ilipanda kambani na Mniko akaketi kutafuna. Asiyejua alidhani yule mama ana kanga isiyokauka.

Jumamosi ya nne Jumaa aliisoma mizani mara mbili. "Arobaini na nane. Una mawe mfukoni, wewe."

Mniko akaupindua mfuko. Likatoka yai la kuchemsha.

"Lete, nipime bila yai."

"Usilile tu. Ni la saa nne."

Bila yai, mshale haukusogea. Mwanza hakupelekwa. Aliishi miaka kumi na mmoja mingine, akala mara sita kwa siku, mpaka malaria ilipomchukua katika msimu mmoja wa mvua.

Asubuhi iliyofuata maziko, kengele ya shule ililia saa nne. Gati alikuwa amekaa mlangoni. Ng'ambo ya njia mama yake alitoka, mgongo umepinda sasa, akaitundika kanga kambani, akaivuta pembe zikakaa sawa. Halafu akaingia nyuma jikoni, na siku hiyo hakurudi kuianua.