Mwendo wa Tisini

Kwa mwendo wa tisini tungefika. Hesabu hiyo nimeipiga mara nyingi kuliko nilivyosali tangu siku ile, na jibu halijabadilika.

Mdogo wangu Mithqal alimgonga kijana wa miaka kumi na tisa kwa pikapu, kwetu karibu na Ma'an. Kijana aliitwa Qais, akafa palepale. Mithqal polisi walimchukua, lakini kwetu damu haiishii kwa polisi. Wazee waliomba atwa, na watu wa marehemu wakatupa siku tatu na theluthi za kukaa bila kuguswa. Muda huo ulikuwa unakwisha Alhamisi, adhana ya alasiri. Kabla ya adhana ujumbe wetu uwe umeketi mbele ya baba yake, Abu Qais, kuomba muda zaidi. La sivyo nyumba zetu zote kumi na moja zihame siku hiyohiyo. Ya kwanza ni ya mama yangu, ambaye miguu haimbebi tena.

Abu Qais alitoa sharti moja: "Nitazungumza na Haji Sayil. Wengine wakae kimya."

Haji Sayil ni mjomba wa mama, anakaa Amman, na mimi naendesha teksi Amman. Binamu yangu Mutlaq alitaka kutuma gari la petroli kutoka Ma'an limchukue. Nikamjibu kwa ujeuri, "Kwani mimi nina punda? Nitamleta mwenyewe."

Gari langu ni la umeme, nililinunua kwa mtu, na betri yake imezeeka. Mjini ni raha tupu. Barabara kuu ni habari nyingine: ukikimbia, upepo ndio unaokula chaji, na ukiongeza mwendo nusu yake, unakula zaidi ya mara mbili. Dereva yeyote wa magari haya anajua, hata asiyejua kusoma. Kwa hiyo nilichaji mpaka juu nikapanga: kilomita mia mbili na kumi, mwendo wa tisini, bila kusimama. Haji alikataa kuondoka kabla ya kusali adhuhuri kwenye msikiti wake. Tuliondoka saa saba kamili. Adhana ya alasiri ni saa tisa na dakika ishirini na tano, nasi tungefika dakika tano kabla.

"Washa hita, Hazza," alisema hata hatujatoka mjini. "Au unataka nifike maiti, wapate wawili wa kulilia?"

"Hita inakula chaji, Haji."

"Na mimi baridi inanila mifupa. Tuone nani ataisha kwanza."

Nikawasha. Ungemnyima vipi joto mzee wa miaka themanini na mbili, ambaye nyumba ya mama yako iko kwenye ulimi wake? Nilishika tisini. Malori yalitupita, mabasi yakatupita. Baada ya mji wa Qatrana likatupita lori la kondoo, na kondoo wa nyuma akatutazama mpaka alipopotea.

"Umemwona huyo?" Haji aliuliza. "Ametuonea huruma."

"Haji, tukienda hivi tunafika. Tukikimbia hatufiki."

Alicheka mpaka akakohoa. "Nimepanda ngamia, nimepanda farasi. Sijaona mnyama ambaye ukimharakisha unachelewa."

Nikajaribu kumweleza habari za upepo. Sauti yake ikabadilika. "Sikiliza, mwanangu. Nikiingia pale adhana iko mlangoni, watasema Sayil amekuja kama mtu anayechukua mzigo wake. Mzee anatangulia. Anakaa, anamlilia marehemu, ndipo anaomba. Umri wangu wote sijaingia msibani nikihema. Kanyaga."

Zilikuwa zimebaki kilomita themanini. Kwenye dashibodi namba ilisema chaji ingetosha tisini na tano. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Mimi nilimchelea mzee kununa. Nikakanyaga mpaka mia na arobaini.

Nitasema kweli: nilifurahi. Gari liliruka kimya, lori la kondoo tukaliacha nyuma, na Haji akapiga goti lake. "Kumbe linajua! Muda wote ulikuwa unanificha!" Namba ilikuwa inashuka mbili kwa kila kilomita moja. Niliiona. Nilijiambia mbele nitapunguza, na kila nilipotaka kupunguza nilimwona mzee akitabasamu.

Alama ya kobe, ile ya chaji kwisha, iliwaka ghafla, gari likakataa kukanyagika. Tulijikokota kama nusu kilomita, nikaliegesha pembeni. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika kumi. Kilomita thelathini zilibaki.

Nikampigia Mutlaq. "Msitoke hapo!" alifoka. "Nakuja!"

Hazikupita dakika kumi, lori la kondoo likafika. Dereva akasimama, akashusha kioo. "Pandeni, mabwana. Mbele kuna nafasi ya wawili tukibanana."

Nilimfungulia Haji mlango. Hakusogea. "Niingie nyumba ya msiba nikinuka kondoo? Wakuu wa ujumbe wanakuja kupokewa, Hazza, hawaokotwi njiani. Mutlaq si anakuja?"

"Haji, nakuomba. Mama yangu."

"Mama yako ni mtoto wa dada yangu. Usinifundishe uchungu wake."

Ningeweza kumbeba. Ni mwepesi. Nilisimama nimeshika mlango, lori likaondoka.

Mutlaq alitokea saa tisa na dakika kumi na mbili, upande wa pili wa barabara, ukuta wa zege katikati. Akapiga honi, akaonyesha mbele kwa mkono: pa kugeuzia palikuwa kilomita tisa mbele yake. Tulimtazama akienda mbali nasi. Tulipoingia kwenye gari lake, saa yangu ilisema tisa na dakika ishirini na mbili. Adhana ilitukuta njiani kwenye redio. Haji akanyoosha mkono akaizima.

Tulipofika, viti vilikuwa vinakunjwa. Dalla, birika la kahawa ya wageni, ilikuwa imepinduliwa mchangani. Wazee wetu walisimama kando kama watoto waliofukuzwa darasani, hawakututazama. Abu Qais alikuwa peke yake mlangoni, mtu mfupi, ndevu hazijanyolewa siku nne.

"Tulikungoja, Haji," alisema. "Niliwazuia vijana wangu mpaka muadhini alipomaliza. Zaidi ya hapo sikuweza."

"Gari liliharibika, ewe Abu Qais. Amri ya Mungu."

Abu Qais akanigeukia mimi. "Wewe ndiye dereva? Liliharibika nini?"

Haji alinitazama. Mutlaq alinitazama. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, nami sikuweza kumtolea mtu yule.

"Halikuharibika, bwana. Liliisha chaji. Nilikimbia."

Alitikisa kichwa polepole, mara kadhaa. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonivunja.

"Ndugu yako naye," alisema, "walisema alikuwa anakimbia." Akaingia ndani, akafunga mlango.

Jioni ile nyumba kumi na moja zilipakiwa kwenye malori. Haji Sayil alikaa juu ya godoro uani kwa mama, kofia mkononi, akirudia, "Sikujua, Hazza, wallahi sikujua." Na kweli hakujua. Aliyejua ni mimi.

Gari langu lilivutwa, likachajiwa, na kesho yake nikampakia mama nyuma, mito pande zote mbili, kuelekea kwa watu tusiowajua karibu na Karak. Nilikwenda themanini njia nzima. Malori yalitupita yote.

"Mbona polepole, mwanangu?" mama aliuliza. "Tunachelewa?"

"Hapana, mama. Hakuna anayetungoja."

Tulifika na chaji imebaki ya kilomita sabini na mbili.