Karasha, Mwambie Mkwe Wangu

Valerian alikuwa fundi mzuri mwenye tabia mbaya ya kukata vitu. Kitu kikimzidi urefu, anakikata, basi. Masumbwe nzima ilimjua hivyo, na hakuna aliyemlaumu mpaka siku alipokata mchi wa kinu wa mkewe, Noela, apate kabari ya kuzuia tairi la lori la mteja. Lori halikuserereka, lakini Noela ilimbidi atwange mtama amepiga magoti. Alipomaliza kutwanga alifunga khanga zake, akakwapua kile kipande cha mchi kiwe ushahidi, akarudi kwa mama yake.

Sasa mama yake, Mama Noela, ndiye aliyekuwa na karasha mwisho wa mji, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu. Na wiki hiyohiyo karasha ikagoma. Mota ilikuwa imesogea, mkanda umelegea, pipa halizunguki. Wachimbaji walishajaza uani viroba vya mawe, wakasema watangoja mpaka Jumamosi jioni. Isipozunguka wanahamia kwa Eustace, ng'ambo ya barabara.

Mama Noela akamwita mkwewe. Lakini mama huyu alikuwa Msukuma wa kale: kwake, mama na mkwe hawatazamani usoni, hawagusani, wala hawasemeshani. Valerian akasimama mlangoni ameinamisha kichwa. Mama akajibanza nyuma ya viroba, akampa mgongo, akaisemesha mashine.

"Karasha, mwambie huyo fundi, mota ikirudi mahali pake, na mke wake atarudi mahali pake. Ikishindikana, Noela atabaki hapahapa. Mtu anashindwa na nati moja, ataweza mke?"

"Karasha, mwambie mama nimesikia," alijibu Valerian huku jasho likimtiririka.

Karasha haikumwambia mtu yeyote kitu. Ilikuwa mbovu.

Nati yenyewe, ya kulegezwa ili mota isogezwe, ilikuwa moja kweli, ila ilikaa pabaya. Mwaka uliopita wezi walipoiba mkanda, Mama Noela alijenga ukuta wa tofali kuizunguka mota, tena kwa hasira, na hasira haipimi nafasi. Kati ya nati na ukuta palibaki upenyo wa kupitisha mjusi. Kila spana aliyoingiza Valerian iligonga tofali kabla haijageuka. Na kubomoa isingewezekana, maana ukuta ndio uliokuwa umebeba paa.

Watu wakamwambia Maganzo zipo spana fupi. Akapanda basi. Mwenye duka alimwangalia juu mpaka chini, akafunga mlango, akatoa karatasi iliyokunjwa kunjo juu ya kunjo, kama wanavyofanya huko wanapoonyesha almasi. Ndani yake mlikuwa na spana, fupi, nzuri, inang'aa. Aliposikia bei, Valerian aliuliza kama inauzwa pamoja na gari. Mwenye duka akaikunja tena kwa huruma, akamfungulia mlango.

Jumamosi asubuhi alirudi Masumbwe, akawasha grenda, akakata mpini wa spana yake mwenyewe. Akaingiza, ikagonga ukuta. Akakata tena, ikagonga. Aliyemuuzia spana ile angeuona ule unyama angelia. Mwishowe mkononi kilibaki kichwa cha spana na mpini usiozidi kidole gumba, na hicho kikaingia, kikaishika nati sawasawa. Wachimbaji wakapiga makofi.

Nati haikutikisika. Mpini ukiwa mfupi hivyo hauna nguvu, na hilo Valerian alilijua tangu ujana wake, ila alikuwa na haraka. Alisukuma mpaka macho yakamtoka. Ilihitajika nguvu ya pili, ya kuvuta kutoka upande wa pili, na huko njia ilikuwa moja tu: tundu la kutolea maji, chini ya ukuta.

Wiliam, kiongozi wa wachimbaji, akalala kifudifudi akapitisha mkono. Mkono ulizoea kuponda mawe. Ulinasa kwenye kiwiko, wakautoa kwa mafuta ya alizeti. Wenzake nao mikono ilikuwa ileile. Noela akatumiwa ujumbe, akajibu kutoka jikoni kwamba yeye na huyo mkata michi hawashiki chuma kimoja.

Jua lilikuwa linashuka. Ng'ambo ya barabara karasha ya Eustace ilikuwa ikinguruma kwa kujitapa. Wachimbaji wawili wakaanza kujitwisha viroba.

"Karasha," ilisikika sauti ya Mama Noela, "mwambie mkwe wangu afumbe macho."

Mama yule alikuwa mwembamba, mkono wake unapita popote. Akajifunika khanga gubigubi, akalala chini nje ya ukuta, akapenyeza mkono. Wachimbaji waligeuka wote wakatazama barabarani, kofia mikononi kama wako misani. Pale gizani, juu ya mpini usiotosha hata kiganja kimoja, vidole vya mama vikatua juu ya vidole vya mkwewe.

Valerian alitamani ardhi immeze. Ule ufupi aliuleta mwenyewe, na sasa ulikuwa unamuaibisha mbele ya mtaa.

"Karasha," mama alisema, sauti ikitetemeka, "mwambie vidole vyangu viko hapo kwa ajili ya kazi."

"Karasha, mwambie mama mpini ni mfupi, sina nia mbaya."

"Mwambie asukume, mimi navuta!"

Nati ikalia mlio mmoja mkali, ikaachia. Wiliam na wenzake wakaisogeza mota kwa mtaimbo huku wamefumba macho, wakakanyagana vidole vya miguu, mkanda ukakaza. Kufunga nati nako kulitaka vidole vilevile, na safari hii hakuna aliyeomba radhi.

Karasha ikawaka. Pipa likazunguka, mawe yakaanza kusagika, vumbi likajaa, na wachimbaji wakaanza kudai mbuzi wa faini, maana mkwe kamgusa mama.

"Karasha!" Mama Noela aliita kutoka nje. "Mwambie mkwe wangu..."

Karasha ilinguruma tu. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Lakini karasha ilikuwa kazini sasa, haitumwi tena. Mama akainuka, akakung'uta vumbi kwenye khanga, akapitia jikoni, kisha akazunguka ukuta mpaka mlangoni. Alitazama chini, karibu na viatu vya mkwewe.

"Valerian," akasema.

Miaka yote ya ndoa yake, Valerian hakuwahi kulisikia jina lake kinywani mwa mama huyu.

"Huyo mbuzi tutachanga, wewe na mimi. Noela yuko jikoni, kaniambia ameshafunga khanga zake tangu mashine ilipowaka." Mama alitoa nyuma ya mgongo kile kipande cha mchi, akakiweka chini, katikati yao, ili asimpe mkononi. "Ila mwanangu hatatwanga tena amepiga magoti. Mchi uwe mrefu."

"Utakuwa mrefu, mama," alijibu Valerian, naye akitazama chini.

Akaiacha grenda palepale, akaenda kutafuta mti.