Njia ya Kumi na Tano

Jumapili, siku ya kwanza ya juma la kazi, saa mbili na nusu asubuhi, Mama Shadi alipanda ngazi za Idara ya Makazi ya Kafr Raihan akiwa na bahasha ya kaki, kitambulisho, nakala nne za kitambulisho, na mkate wa ful, maharage ya kupondwa, aliokuwa ameufunga kwenye gazeti. Alipita ghorofa ya kwanza, akapita ya pili, akapanda vidato kumi na vinane, akatokea ghorofa ya pili.

Alisoma kibao ukutani. Akapanda tena, akatokea ghorofa ya pili. Baada ya mara ya tatu alikaa kidatoni, akala nusu ya mkate, kisha akamsimamisha Ami Bayoumi, mhudumu wa jengo, aliyekuwa akipita na trei ya chai.

"Ami, ghorofa ya tatu mmeihamishia wapi?"

"Ipo palepale. Ulisajiliwa dirisha gani?"

"La tano."

"Basi hufiki. Wa dirisha la tano hawafiki tangu Jumatatu iliyopita. Wenzako wako pale kwenye kona, wamehamia na birika."

Akaendelea kupanda na trei yake, na glasi zikasikika zikigongana huko juu, mlango ukafunguliwa, mtu akaomba sukari zaidi.

Kwenye kona kweli kulikuwa na watu. Wote walitoka Izbat al-Saqiya, mtaa uliobomolewa miaka miwili nyuma ili daraja lipite. Familia zilikuwa arobaini na moja. Kila moja iliahidiwa nyumba katika majengo mapya ng'ambo ya mfereji, na majengo sasa yalikuwa yamekwisha, yamepakwa rangi. Lililobaki lilikuwa dogo: kila mkuu wa familia afike mbele ya kamati, ghorofa ya tatu, atie saini mwenyewe kabla ya Alhamisi saa nane mchana. Asiyetia saini angehesabiwa kuwa hakuitaka nyumba.

Karani wa dirisha la tano, Nagat, alijaza fomu ya hitilafu. Aliandika: "Ghorofa ya chini haiwasiliani na ya tatu. Majina ninayoingiza hayafiki, na wenye majina pia." Fomu ikapelekwa kwa Rawiya, injinia wa mtandao wa idara. Alikuwa na miaka ishirini na sita na hakuwa na msaidizi.

Rawiya alisoma fomu mara moja, akachukua bisibisi, kompyuta yake na kifaa cha kupimia waya.

Mtandao wa jengo lile ulikuwa na swichi mbili, visanduku vya chuma vyenye matundu ishirini na manne kila kimoja. Cha chini kilikaa kwenye kabati chini ya ngazi. Cha juu kilining'inia kwenye korido ya ghorofa ya tatu, nje ya chumba cha kamati. Kati yao kulikuwa na waya mmoja uliopanda ndani ya ukuta. Rawiya alianza na waya, kwa kuwa waya ndio hukosea mara nyingi. Taa zilikuwa za kijani pande zote mbili. Aliupima, ukawa mzima. Akavuta mwingine mpya hata hivyo, akabadilisha tundu chini, akabadilisha tundu juu, akalinganisha kasi ya pande zote. Kazi hiyo ilimlia Jumapili na Jumatatu, na kila aliposhuka au kupanda alipita katikati ya watu wa Saqiya.

"Mgonjwa wetu anaendeleaje?" Mama Shadi aliuliza.

"Bado namsikiliza."

"Msikilize, lakini usimbembeleze. Na ukifika huko juu tusalimie. Waambie tuko njiani."

Watu wakacheka. Mwanamume mmoja aliyeitwa Gad, fundi viatu, alikuwa akipanda kila saa ili kuhakikisha. Alipotokea ghorofa ya pili alisema tu, "Ya pili," akakaa.

Jumanne Rawiya aliacha waya akageukia namba. Waya ule mmoja ulibeba njia kadhaa, kila dirisha na njia yake, na kila njia ilitakiwa kuandikwa kwa namba ileile katika swichi zote mbili. Alikaa chini ya ngazi akaiagiza swichi ya chini ibishe hodi kwa ya juu. Kwa njia ya kumi, ya juu iliitika. Kwa njia ya ishirini, iliitika. Kwa njia ya kumi na tano, ambayo ni ya dirisha la tano, palikuwa kimya. Alibisha mara mia moja. Swichi ya chini ikaandika: hodi mia moja, majibu hakuna.

Alipanda juu akafungua orodha ya swichi ya pili. Kumi ilikuwepo, ishirini ilikuwepo. Kumi na tano haikuwepo.

Ubavuni mwa swichi palikuwa na kikaratasi kilichoandikwa kwa kalamu na fundi aliyeifunga zamani. Watu wa Kafr Raihan huandika tano kama duara na sifuri kama nukta. Swichi hutaka tarakimu za kizungu, na katika hizo duara ni sifuri. Kikaratasi kilisema moja na duara. Rawiya alikitazama, akacheka peke yake kwenye korido. Mtu mwenye haraka alikuwa amesoma kumi na tano akaandika kumi. Aliona ni kosa la watu wa kwao kabisa, kosa ambalo hata bibi yake angelisamehe.

Jumatano saa tatu asubuhi aliandika kumi na tano mahali pake.

"Haya, pandeni," aliita kutoka juu.

Mama Shadi alitangulia, kwa kuwa alikuwa mkubwa wao na kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumzuia. Alipanda vidato kumi na vinane akatokea ghorofa ya tatu. Aliona korido, zulia jekundu, na mlango wa kamati ulioachwa wazi kidogo. Alivua ndala moja asichafue zulia. Alipoinama kuvua ya pili alijikuta ghorofa ya pili, ameinama, na Gad nyuma yake.

"Ya pili," Gad alisema.

"Najua ni ya pili. Ndala yangu iko ya tatu."

Rawiya, aliyekuwa bado juu, aliiona ndala peke yake kwenye zulia. Alirudi kwenye orodha. Kumi na tano ilikuwa imeondoka. Akaiandika tena. Gad akafika, akaweka mkono kwenye kitasa cha mlango wa kamati, akarudi chini. Akaiandika mara ya tatu. Mjane mmoja alifika akiwa amebeba mtoto, akamwona katibu wa kamati uso kwa uso, akamwambia "Sabah al-kheir," na kabla hajajibiwa akawa chini. Mara ya nne swichi ilimwambia Rawiya kwamba neno lake la siri halitambuliki.

Swichi huweka shajara yake yenyewe. Haimkasirikii mtu wala haimwogopi, huandika tu nani kafanya nini saa ngapi. Ukurasa ulikuwa bado wazi kwenye kompyuta, na Rawiya akausoma kuanzia Jumatatu ya juma lililopita. Siku hiyo, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, njia ya kumi na tano, iliyokuwa imeandikwa sawasawa kwa miaka mitatu, iliondolewa. Aliyeiondoa aliingia kwa jina la mkurugenzi. Jumatano hii aliiondoa mara tatu zaidi. Kikaratasi kile hakikuwa kimemdanganya mtu yeyote isipokuwa Rawiya.

Aliunakili ukurasa huo, akaenda nao kwa mkurugenzi.

Bwana Tharwat alikuwa mpole. Alimkaribisha akae, akamwagizia chai, akasikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Nimeambiwa kuna kikaratasi," alisema.

"Kikaratasi hakihusiki, bwana mkurugenzi. Shajara inasema..."

"Duara likasomwa sifuri. Injinia Rawiya, hilo ni kosa zuri sana. Halina mwenyewe. Liandike kwenye ripoti yako, tia saini, na baada ya Alhamisi tutalirekebisha."

"Baada ya Alhamisi nyumba zitakuwa za nani?"

"Za waliofika."

"Nani amefika?"

Bwana Tharwat alikoroga chai yake. Mezani palikuwa na orodha yenye majina arobaini na moja yaliyopigwa chapa vizuri, na Rawiya alilitambua la kwanza, la shemeji wa katibu wa kamati. Mengine hakupata muda wa kuyasoma.

"Wewe bado mtoto wetu hapa," Bwana Tharwat alisema. "Una kazi ya kudumu. Mama yako alifurahi sana ulipoipata, nakumbuka alituletea biskuti."

"Alifurahi, ndiyo," Rawiya alisema, akasimama. Chai hakuigusa.

Aliandika ripoti alasiri ileile, mstari mmoja: "Waya mzima, swichi zote nzima, njia ya kumi na tano huondolewa kwa mkono, mwenye mkono ametajwa kwenye shajara iliyoambatishwa." Nakala moja aliipeleka ofisini kwa mkurugenzi, nyingine mkoani, na ya tatu akaibandika ukutani ghorofa ya pili, chini ya kibao. Watu wa Saqiya wakaisoma kwa zamu. Asiyejua kusoma alisomewa.

"Kwa hiyo mgonjwa haumwi," Mama Shadi alisema.

"Haumwi."

"Na sisi hatuumwi."

"Hapana, mama."

"Vizuri. Nilianza kuwa na wasiwasi na magoti yangu." Alinyoosha mguu wake mtupu. "Usiniangalie hivyo, binti yangu. Mimi tayari nina ndala moja ghorofa ya tatu. Kuna waziri mstaafu mtaani kwetu hajafika hata huko."

Alhamisi asubuhi walipanda wote kwa pamoja, wazee katikati, wakatokea wote kwa pamoja ghorofa ya pili. Saa tano mjane aliyebeba mtoto alisema kwamba jana mtoto alilia baada ya wao kurudishwa chini, na alimsikia katibu wa kamati huko juu akiuliza mtoto huyo yuko wapi. Walilifikiria jambo hilo. Sauti haikupita kwenye waya, kwa hiyo ilikuwa inafika.

Mama Shadi aliketi kidato cha juu kabisa kati ya vile walivyoweza kukaa, akachukua orodha ya familia zao, akaanza kuita majina kuelekea juu. Kila aliyeitwa alijibu "Nipo," akataja namba ya nyumba yake ya zamani na mti au duka lililokuwa mkabala nayo. Hawakupiga kelele. Walisema kama watu wanaojibu mahali walipoitwa. Walipofika jina la arobaini na moja walianza upya, na hivyo mpaka saa nane mchana.

Saa nane kamati iliandika katika kumbukumbu zake kwamba familia arobaini na moja za Izbat al-Saqiya hazikufika. Iliandika hivyo huku ikizisikia. Nyumba za ng'ambo ya mfereji zikapewa waliokuwa kwenye orodha nyingine, na jioni mapazia yakaanza kuonekana madirishani. Mkoa ulijibu ripoti ya Rawiya kwa muhuri mmoja: "Imepokelewa."

Watu wa Saqiya hawakuondoka. Jumapili iliyofuata Ami Bayoumi aliwaletea tangi la maji, akawaomba waache upana wa mtu mmoja kwa wanaopita. Ofisi ya vitambulisho ilituma karani, kwa kuwa kitambulisho lazima kiwe na anwani, naye akawaandikia: "Ngazi, kati ya ghorofa ya pili na ghorofa ya pili." Bwana Tharwat aliwapita kila asubuhi akiwaamkia, nao waliitikia salamu, kwa kuwa salamu haikuwa na kosa.

Siku hiyohiyo Rawiya alifika kazini na mkoba wake. Hakwenda kwenye ngazi. Alipanga foleni kwenye dirisha la tano, ambapo hapakuwa na mtu.

"Jina?" Nagat aliuliza, ingawa walikuwa wakila pamoja kila siku kwa mwaka mzima.

"Rawiya Abdel-Shafi."

Nagat aliweka vidole juu ya vibonye, hakubonyeza. "Ofisi yako iko ghorofa ya tatu, dada."

"Najua."

"Meza yako. Koti lako liko huko."

"Andika, Nagat."

Nagat akaandika. Rawiya alipita ghorofa ya kwanza, akapita ya pili, akapanda vidato kumi na vinane, akatokea ghorofa ya pili. Watu walijisogeza bila kuulizwa. Gad alimpa kipande cha boksi cha kukalia.

"Umechelewa," Mama Shadi alisema, akatafuta kalamu. "Uko mwisho wa orodha, usije ukaleta uinjinia hapa."

Saa tatu kamili alianza kuita. Juu, Bwana Tharwat aliinuka kwenye kiti akafunga mlango, akafunga na dirisha. Majina yakaja moja baada ya jingine, kwa utulivu, na la arobaini na mbili likajibiwa kwa sauti aliyoijua.