Sugu za Mama Koleo

Mama yangu hufanya kazi katika kiwanda cha mikate, mbele ya tanuri, na wenzake humwita Koleo. Hushika mabati ya moto kwa mikono mitupu. Glavu, husema, haina akili. Haiwezi kutambua mkate ambao haujaiva chini.

Mimi, mwanafunzi wa mwaka wa pili chuoni, niliamini kwa moyo wangu wote kwamba mwanamke aliyeninunulia kila daftari alistahili ngozi laini. Alipopata likizo ya wiki tatu, nilimletea kopo la skrabu ya waridi, chembechembe za sukari ndani ya mafuta. Kila jioni nililoweka viganja vyake katika maji ya vuguvugu, kisha nikavisugua mpaka sugu zikaisha.

"Taratibu, mwanangu. Mimi si sufuria."

"Sufuria ingekuwa imeshatakata, mama."

"Haya, sugua. Nikirudi kazini nanukia hivi, nyuki watanifuata mpaka kwenye unga."

Siku aliyorejea kazini alisahau chakula chake, nikampelekea. Nilifika mlangoni wakati uleule aliponyoosha mkono na kushika bati, kama alivyolishika kwa zaidi ya miaka ishirini.

Bati lilianguka. Mikate ikatawanyika sakafuni. Mama alikitazama kiganja chake kana kwamba ni cha mtu mwingine, na malengelenge yakaanza kuinuka mbele ya macho yetu.

"Koleo," msimamizi akauliza kwa sauti ya chini, "mikono yako umeipeleka wapi?"

Mama alipewa mwezi mmoja apone. Asipoweza, nafasi yake ya tanurini ingechukuliwa na mwingine, naye angehamishiwa kwenye kufunga mikate. Njia nzima ya kurudi nyumbani hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililonikata maini.

Malengelenge yalipokauka, nilimkuta jikoni. Alikuwa akishika kifuniko cha sufuria iliyokuwa ikichemka, anakiachia, anakishika tena.

"Mama, nakuomba, acha."

"Ndivyo nilivyoanza kuota sugu kabla hujazaliwa. Shida ni kwamba nikihesabu mwenyewe, najidanganya." Akanisogezea kigoda kwa mguu. "Kaa hapa. Hesabu wewe, polepole, mpaka tano."

Akakishika kifuniko, akanitazama.

"Moja," nikasema. "Mbili."

Hakukiachia.