Kadi ya Mama Elick

Kadi za kipaimara cha Francisca zilisambaa Kibimba nzima, hata Kabanga zikafika, lakini kwa Benedicta haikuingia hata moja. Yeye, aliyetenganishwa na Eustakia, mama yake Francisca, kwa ua wa minyaa tu! Yeye aliyempokea huyo Francisca siku anazaliwa! Wivu ukamkaba, akajifungia ndani tangu Jumamosi.

Jumapili mchana spika za sherehe zikalia mpaka vikombe vikatetemeka kabatini. Benedicta akachungulia. Kwenye kiti cha mbele, ubavuni kwa Eustakia, kakaa nani? Claudia, mbadilisha fedha wa Kabanga, rafiki wa juzi juzi, anacheka huku kamwekea Eustakia mkono begani. Benedicta akafunga pazia, kisha akalifungua tena.

Jumatatu asubuhi alikuwa kwa Danstan, mtendaji wa kijiji.

"Kelele zimetuua, Mtendaji. Na kibali hawana."

Kibali kweli hakikuwepo. Danstan akawaita wanawake wote wawili, akasoma barua ya onyo: muziki bila kibali, wakirudia ni faini. Eustakia akaipokea kwa mikono miwili, akasaini bila ubishi. Walipotoka nje akamgeukia jirani yake.

"Mama Elick, ni kelele kweli zilizokuuma?"

"Hukuniita!" Benedicta akafoka. "Claudia ukampa kadi, mimi ukanipita!"

"Kadi ni ya mgeni. Wewe nikuandikie kadi ya kuja kwako? Jumamosi tulikungoja tumenye ndizi. Nikamtuma Francisca akuite, akakuta umejifungia. Mtungi wa pombe ya rubisi niliokuwekea uko chumbani kwangu mpaka leo, na mrija wake. Hakuna aliyeugusa."

Benedicta alilijua hilo tangu utoto: jirani wa ua mmoja haalikwi, huingia mlango wa nyuma na kisu chake cha kumenyea ndizi. Wivu ndio uliomsahaulisha. Alitaka kuomba radhi, aibu ilimchoma kweli, lakini ulimi una mambo yake.

"Na Claudia je?" akasema.

Eustakia akaikunja barua ya onyo, akaenda zake.

Mwezi wa nane ikaja sherehe nyingine kwa Eustakia, safari hii na kibali. Francisca, ambaye siku zote aliingia kwa Benedicta bila kubisha, alisimama mlango wa mbele akapiga hodi.

"Shikamoo, mama. Mama kanituma."

Ilikuwa kadi nzuri, ya gharama, yenye maua ya dhahabu: *Mama Elick na familia, mnakaribishwa.* Benedicta akabaki ameishika pale mlangoni. Ng'ambo ya minyaa, Claudia alikuwa akiingia kwa mlango wa nyuma, na kisu mkononi.