Posa ya Getini

Wakubwa wa mgodi wa makaa walisimamisha mnara kilimani, juu ya Mbebe, na kijiji kikashangilia kabla ya wakati. Kumbe mtandao ule ni wa mgodi peke yake. Lori likiishiwa dizeli shimoni linaitikiwa papo hapo. Mama akishikwa na uchungu nje ya uzio, simu yake imekufa. Mama Sekela, mke wa mzee Gwalugano, mlinzi wa geti, alikata roho huku mumewe yuko kilimani, kainua simu juu kama anayeomba mvua. Tangu hapo kila akiuona mnara, anatema mate.

Asubuhi hiyo walinzi waligawiwa simu mpya za mgodi. Mhandisi akazieleza kwa Kiingereza, akapanda gari, huyo! Gwalugano hakujali. Redio ya zamani ukibonyeza ilifika jikoni mwa mgodi tu, tena kwa kukoroma. Hii itazidi nini?

Na jikoni ndiko alikokuwa Ketrina, mpishi mjane, ambaye mchana huo kaka yake alikuwa anakuja kumrudisha kwao Msangano moja kwa moja. Mshenga wa mzee, Abrahamu dereva wa lori, aliahidi kumpelekea neno la posa tangu mahindi yanapandwa. Sasa yamevunwa.

Vumbi la pikipiki ya kaka likatokea barabarani. Mzee akabonyeza.

"Dada Ketrina, usiende. Tangu mama Sekela anitoke nakula ugali mbichi. Nataka nikuoe."

Kule shimoni mashine zikazimwa, moja baada ya nyingine.

"Mzee, rudia!" sauti ikatoka shimoni. "Huku kulikuwa na kelele!"

"Baba Sekela," Abrahamu akalalamika, "si ungenisubiri mshenga wako?"

"Nikusubiri mpaka niote mvi za kope?"

Sauti ya meneja ikaingia. "Nani anaposa kwenye mtandao wa kazi?"

"Mimi, mlinzi. Nifukuze, bosi. Ila mnara wenu leo ndiyo kwanza umemsaidia mtu."

Kisha Ketrina, kwa simu ya jikoni: "Baba Sekela, kwetu posa haipokelewi bila mashahidi. Wewe umeleta mgodi mzima. Abrahamu naye alete jembe la posa jioni, asilale njiani."

Shimo zima likapiga honi.

Getini pikipiki ikasimama. "Mzee, fungua, nimemfuata dada yangu."

Gwalugano akanyoosha koti lake. "Una kibali cha kuingia, shemeji?"